Wimbo Mkuu Apewe Asiye na Pa Kusemea

Katika mchezo wetu mpya wa nyimbo, wimbo mzito kuliko yote unaimbwa na mpangaji. Hauimbwi na baba mwenye nyumba, wala binti yake mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, wala afisa aliyekuja na barua. Anauimba mama wa makamo aliyepanga chumba kimoja, anayekaanga maandazi alfajiri na kuchelewesha kodi karibu kila mwezi. Uamuzi huo ulitugawa kikundini, na ulitukosesha fedha za mfadhili. Hata hivyo nautetea hadharani, kwa sababu naamini swali la nani aimbe wimbo mkuu tunalijibu vibaya mara nyingi, jukwaani na kwenye televisheni, na anayeumia ni yule mhusika ambaye sanaa ilipaswa kumpa kinywa.

Mimi ni mwongozaji wa maigizo, mkazi wa Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke. Kikundi chetu hufanya mazoezi jioni katika darasa la shule ya msingi, wanafunzi wakishatawanyika. Waigizaji wengi wanatoka Mbagala, Tandika na Yombo. Wachache huvuka jiji kutoka Mwananyamala na Hananasif, upande wa Kinondoni. Hao wa Hananasif ndio waliotuletea kisa. Waliyaona mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu na kusomba mali katika bonde la Msimbazi, wakaona majirani wakipelekwa kuanza maisha upya Mabwepande. Wakaona pia Desemba 2015, nyumba za bonde la Mkwajuni zilipoandikwa X nyekundu ukutani, kisha tingatinga likaingia.

Tukatunga mchezo wa usiku mmoja. Nyumba ni ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Mchana X imeandikwa. Asubuhi tingatinga litafika. Kati ya jioni na alfajiri familia inafunga mizigo, wapangaji wanagombania mkokoteni, binti anasubiri simu ya mchumba wake. Mnamo saa nane usiku kila mtu amenyamaza, na hapo ndipo mchezo unapodai wimbo. Tangu siku ya kwanza ya mazoezi tulijua wimbo utakaa hapo. Hatukujua utatoka kinywani mwa nani.

Wa kwanza kutajwa alikuwa baba mwenye nyumba, na hoja yake ilikuwa na uzito. Ndiye aliyejenga. Alinunua tofali moja moja, akaezeka kwa mkopo, akamtoa marehemu mkewe kwenye ukumbi uleule kwenda makaburini. Nani mwenye haki ya kuililia nyumba kumshinda yeye? Lakini nilipokaa na mswada nikaona kwamba hadi saa nane usiku mzee huyu ameshasema yote. Amebishana na afisa barazani, amesoma barua kwa sauti mbele ya majirani, amempigia simu mdogo wake wa Kibaha, amewagombeza watoto. Mtazamaji anamjua ndani na nje. Akianza kuimba atakuwa anatia mahadhi kwenye maneno tuliyokwisha kuyasikia, na wimbo unaorudia mazungumzo ni mapumziko tu ya mchezo.

Wa pili alikuwa binti. Huyu ndiye nyota wetu, na watu wa Tandika wanamjua kwa sauti yake kabla hawajajua sura yake. Aliniuliza waziwazi, "Mwalimu, watu wanakuja kunisikiliza mimi. Sasa nikikaa kimya kwenye wimbo wenyewe, si watasema wameibiwa?" Nilimjibu kwamba nyimbo mbili za mwanzo ni zake, na zinamtosha, kwa sababu usiku ule moyo wake uko kwenye simu. Hajaanza kuipoteza nyumba. Anaondoka kwenda kuolewa, na kwake nyumba ile ilikwisha kuwa ya zamani kabla ya rangi nyekundu kukauka. Kumpa wimbo wa kuagana na nyumba ni kumlazimisha aseme jambo ambalo bado hajalijua.

Wa tatu aliletwa na pesa. Shirika moja lilikuwa tayari kutulipia nauli, maleba na jenereta kwa maonyesho ya kata kadhaa, kwa sharti kwamba wimbo mkuu uimbwe na afisa na uwaeleze watu hatari za kukaa mabondeni. Hatari zenyewe hatuzipingi. Kati yetu wapo waliopoteza ndugu mwaka 2011, na katika mchezo wetu afisa huyo anaeleza habari za maji kwa ukweli na kwa heshima, katika onyesho refu la mazungumzo. Lakini afisa ana barua, ana muhuri, ana kipaza sauti juu ya gari. Kila mlango wa kusemea uko wazi kwake. Akipewa na wimbo, mchezo unageuka mkutano wa hadhara, na watu wa Temeke wamehudhuria mikutano ya kutosha. Tulikataa sharti hilo, na shirika likaondoka.

Akabaki mpangaji. Katika mswada wa kwanza alikuwepo karibu kila onyesho, na maneno yake yote yangejaa kwenye kiganja. "Shikamoo baba." "Kodi nitaleta Ijumaa, baba angu." "Samahani, napita." Hana barua, kwa kuwa barua imeandikwa kwa mwenye nyumba. Hawezi kubishana na afisa, kwa kuwa kiwanja si chake. Hawezi kulia ukumbini, kwa kuwa wenye msiba wapo na yeye ni wa kuja. Ana karai, jiko la mkaa, beseni la maandazi na wateja wa asubuhi ambao kesho hawatajua amehamia wapi. Ameishi kwenye chumba kile miaka mingi kuliko ambayo binti ameishi duniani. Hasara yake ni kubwa, na katika nyumba nzima ndiye pekee asiye na mtu wa kumweleza. Nilipoliona hilo, sikuona tena kwa nini tuendelee kubishana.

Kanuni ninayoitetea ni hii: wimbo mkuu wa mchezo ni haki ya mhusika aliyebanwa kiasi kwamba maneno ya kawaida hayampitishi. Mwenye nafasi ya kusema na aseme. Asiye nayo aimbe.

Kanuni hii sikuitunga mimi. Ngano tulizosimuliwa na bibi zetu zinaifuata. Nani huimba ndani ya ngano? Ni mtoto aliyeuawa na kurudi akiwa ndege juu ya mti, au msichana aliyezikwa ambaye majani yaliyoota juu ya kaburi yanatoa sauti yakikatwa. Mfalme katika ngano huamuru, mama wa kambo hudanganya, msimulizi husimulia. Wimbo huachiwa aliyenyamazishwa, na ukishaimbwa siri hufichuka na kisa hugeuka. Hadhira nayo hupewa kiitikio, ili kila aliyekaa pale awe shahidi.

Siti binti Saad naye aliifuata. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika ufukara, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Miongoni mwa nyimbo zilizompa jina upo ule wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke aliyetoka huku kwetu Dar es Salaam kwenda Unguja. Mtuhumiwa alitoroka, na adhabu ikawaangukia waliosimama kutoa ushahidi. Marehemu hakuweza tena kusema, na mashahidi walikuwa wamefungwa midomo na mahakama. Wimbo ukasimama mahali pao, na ndiyo maana watu waliushika.

Walioandika michezo ya nyimbo ughaibuni wamekutana na swali hilihili, na majibu yao yanafaa kutazamwa. Mwaka 1927 jijini New York, Jerome Kern na Oscar Hammerstein walipotoa Show Boat, wimbo wenye uzito kuliko yote, Ol' Man River, hawakuwapa wapenzi wawili ambao kisa kinawahusu. Walimpa Joe, mtu mweusi anayebeba mizigo gatini, ambaye hatima ya mchezo haimtegemei hata kidogo. Paul Robeson aliuimba London mwaka 1928 na katika filamu ya 1936, na baadaye akaubadilisha maneno uwe wimbo wa mapambano. Huyu ndiye Robeson ambaye katika miaka ya 1930 alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Wapenzi wa Show Boat wengi wamewasahau. Mbeba mizigo hajasahaulika. Sisi tunaokaa karibu na bandari, tunaowaona makuli wa Kurasini wakishuka kwenye daladala na mabega yao, tunapaswa kuelewa sababu upesi.

Mfano wa West Side Story, mchezo wa nyimbo kuhusu wapenzi wawili wanaotoka pande mbili za vijana wenye uhasama, unafundisha zaidi, kwa kuwa wimbo uleule umepewa waimbaji watatu tofauti. Jukwaani mwaka 1957, wimbo wa Somewhere uliimbwa na msichana asiyeonekana, sauti itokayo nje ya kisa. Katika filamu ya 1961 wakapewa wapenzi wenyewe, Tony na Maria. Steven Spielberg alipotengeneza filamu upya mwaka 2021, akampa Valentina, bibi mjane mwenye duka, aliyeigizwa na Rita Moreno, yuleyule aliyeigiza Anita miaka 60 kabla. Maneno hayakubadilika, lakini kila mara wimbo ulisema jambo jingine. Kwa sauti isiyoonekana ulikuwa ndoto, kwa wapenzi ukawa ahadi. Kwa mjane aliyeolewa na mtu wa upande wa pili, na ambaye ameishi akiwaona vijana wakiuana, ukawa ombi la mtu aliyengoja mahali pa amani maisha yake yote na bado hajapaona. Ninaliona la tatu kuwa bora kuliko yote.

Mzee wetu wa ngoma aliutumia mfano kama huo kunipinga. Alisema kwetu uswahilini mwali hukaa kimya na somo huimba kwa niaba yake, kwa hiyo tumtafute bibi mwenye busara aimbe kwa niaba ya nyumba nzima. Ni hoja ya mtu anayeijua mila. Lakini somo huimba yale aliyoyapitia. Aliwahi kuwa mwali, akafichwa ndani, akatolewa. Valentina naye anaimba maisha yake. Mzee anayeimba kwa niaba ya wengine huku yeye hajapoteza kitu huwa anatoa mawaidha tu. Katika nyumba yetu ya vyumba sita, aliyepitia kuhama mara nyingi, anayejua uzito wa kufunga godoro kwa kamba usiku, ni mpangaji. Mzee wa ngoma alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi aimbe bila ngoma ubeti wa kwanza. Tumsikie anavyopumua." Ushauri huo tuliufuata, na ni bora kuliko wowote nilioupata katika kazi hii.

Yapo malalamiko mawili ambayo siwezi kuyapita.

La kwanza ni la sauti. Mama anayeigiza mpangaji ana sauti nzito yenye mikwaruzo, na hapandi juu. Tunacheza viwanjani, pengine bila umeme, bodaboda zikipita nyuma yetu. Je, wimbo mkuu hautapotea? Tuliushusha wimbo mpaka ulipomkaa vizuri. Mpiga kinanda akaacha kumfuata kila noti. Watazamaji tukawapanga pande tatu, wa mbele kwenye mikeka, ili wawe karibu. Kisha ubeti wa pili tukawaleta wapangaji wenzake waitikie kutoka vyumbani mwao, bila kuonekana, mmoja baada ya mwingine. Sauti moja dhaifu ikabebwa na nyumba nzima. Muziki wetu umejengwa juu ya kiongozi na waitikiaji tangu zamani, na kazi ya waitikiaji ni hiyohiyo, kumbeba anayeongoza. Mwongozaji anayesema mhusika fulani hana sauti ya kuimba wimbo mkuu bado hajawatumia waitikiaji wake.

La pili ni la soko, na hili lina historia. Katika miaka ya 1990 watu wa Temeke na Kinondoni walijaza kumbi kuviona vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT, hiki cha pili cha Kapteni John Komba. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarab. Igizo lilikuwa na zamu yake na taarab zamu yake, na ilipofika taarab, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, ukumbi ulisimama. Nimelelewa na maonyesho hayo na nayaheshimu. Lakini yalituzoesha kuuona wimbo kuwa mali ya mwimbaji, na igizo kuwa la kupishana nalo. Tulipoanza kuweka nyimbo ndani ya michezo tukaingia na mazoea hayo. Nyota anasimama, watu wanakuja kumtunza, mhusika anapotea mpaka noti ziishe.

Hata hivyo taarab yenyewe ina fundisho jingine kwa anayeitazama vizuri. Mwanamke anayeinuka kwenda kutunza huchagua ubeti. Hungoja maneno yanayolisema jambo lake, la mume, la jirani, la wifi, ndipo anapokwenda mbele na noti yake huku akimwangalia anayelengwa. Wakati ule wimbo si wa mwimbaji tena. Ni wa yule aliyeshindwa kulisema nyumbani kwake. Kwa hiyo soko halidai nyota peke yake. Linadai mtu wa kulisemea. Tulipocheza Mbagala, wakati wa wimbo wa mpangaji, mama mmoja alitoka kwenye mikeka, akaweka noti ya elfu mbili ndani ya beseni la maandazi, akarudi kukaa bila kusema kitu. Wengine wakamfuata. Mwigizaji wetu hakutoka kwenye uhusika hata kidogo, kwa sababu beseni lile ndipo pesa zake zinapokaa kila asubuhi.

Na wimbo ule ulifanya kazi ambayo mwingine usingeifanya. Kuta za nyumba za uswahilini hazifichi kitu, kwa hiyo baba mwenye nyumba anausikia wote akiwa chumbani kwake. Kabla ya wimbo alikuwa amepanga kuondoka alfajiri na kuwaacha wapangaji wajitafutie. Baada ya wimbo anatoka, anagonga mlango, na kwa mara ya kwanza katika mchezo anauliza, "Mama, wewe unakwenda wapi?" Mchezo unageuka hapo. Hiki ndicho kipimo ninachowapa vijana ninaowafundisha: utoe wimbo, kisha uangalie kama kisa kinaendelea vilevile. Kikiendelea, ama wimbo haufai, ama umempa mtu asiyestahili.

Nikitazama tamthilia nyingi za televisheni yetu, kipimo hiki kinanisikitisha. Mhusika anafiwa, anafukuzwa au anaachwa, kamera inamkaribia, na wimbo unaanza kutoka nje, kwa sauti ya msanii maarufu ambaye hayumo kwenye kisa. Mhusika amefumba mdomo, machozi tu. Shuleni nako, katika igizo la mahafali au la mashindano, mwanafunzi mwenye sauti nzuri huwekwa mbele na kupewa wimbo wa mtoto yatima, na anayeigiza yatima husimama pembeni akitazama. Tunawafundisha watoto kwamba maumivu yako yataimbwa na mwenye koo zuri kuliko lako.

Haikuwa lazima tufike huko. Penina Muhando alichanganya ngano, ngoma na mazungumzo katika tamthilia zake, kama Nguzo Mama ya 1982 na Lina Ubani ya 1984. Mwaka 1996 yeye, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitunga na kuigiza wenyewe matatizo yao ya shule. Hawakutafutiwa mwimbaji wa kuwaimbia. Njia ilikwisha kufyekwa na wakubwa zetu, ni juu yetu kuipita.

Nawaomba basi waandishi na waongozaji wenzangu: kabla hamjagawa nyimbo, hesabuni maneno ya kila mhusika, mtafuteni aliyepoteza kingi na kusema kidogo, kisha mwangalieni yeye kwanza. Nawaomba wafadhili waache ujumbe ukae kwenye mazungumzo, wimbo wawaachie wenye maumivu. Walimu wa sanaa, mwacheni yatima aimbe wimbo wake hata akikwaruza. Na wewe msomaji, ukikaa kwenye mkeka mbele ya mchezo wowote, jiulize nani hajasema mpaka sasa. Ikiwa mchezo unakwisha na bado hajapewa nafasi, mfuate mwongozaji umwambie. Ana haki ya kuambiwa, na wewe una haki ya kudai.